Kusamehe Ukiwa Umevaa Njumu

Mchezaji akianguka uwanjani, kipenga hulia na mwenzake humnyooshea mkono ainuke. Fritz Pollard akianguka, kipenga kililia na bado wapinzani walimrukia.

Alizaliwa Chicago mwaka 1894, mweusi, mwenye umbo dogo, akaingia katika mchezo wa majitu: kandanda ya Kimarekani, ambayo mpira wake wa umbo la yai hubebwa mikononi. Mwaka 1920 alikuwa na timu ya Akron ilipotwaa ubingwa wa kwanza wa ligi inayoitwa leo NFL. Mwaka uliofuata akaichezea na kuifundisha pia, kocha mkuu mweusi wa kwanza katika ligi hiyo. Mwaka 1923, akiwa Hammond, Indiana, akawa mweusi wa kwanza kucheza kama kwotabaki, yule anayeupokea mpira na kuamua uende kwa nani. Fikiri: wanaokuzomea wanakutazama wewe kwanza, kila mara.

Basi alijifunza jambo. Akiangushwa, alijiviringisha haraka akalala chali, miguu juu, meno ya njumu yakiwaelekea waliotaka kumwangukia. Hakutaka kupigana. Uzeeni alisimulia kwamba aliwatazama tu, akatabasamu, kisha akakimbia tena na mpira.

Hapo ndipo ninapopenda kukaa. Wengi wetu tulifundishwa kwamba kusamehe ni kulala kifudifudi tukanyagwe. Lakini Bwana wetu alipopigwa kofi mbele ya kuhani, hakurudisha kofi, wala hakunyamaza. Aliuliza kwa nini anapigwa. Dada unayepigwa nyumbani, unaweza kumwombea mumeo ukiwa umehamia kwa shangazi yako. Njumu zako ziko juu, na moyo wako haujachafuka. Je, kuna mahali umechanganya kusamehe na kukanyagwa?

Kuanzia 1934 hadi 1945 hakuna mweusi aliyecheza katika ligi ile. Pollard hakukaa kusubiri waombe radhi. Katikati ya miaka hiyo aliifundisha Brown Bombers ya Harlem, timu ya vijana weusi, akiwaweka tayari kwa mlango ambao haukuwa umefunguliwa. Mazoezi, safari, mechi, tena mazoezi. Nadhani uaminifu mwingi huwa hivyo, hauna shangwe.

Alifariki 1986. Jina lake liliingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa mchezo huo wa kulipwa mwaka 2005. Wapo wanaolisimulia hilo kama mwisho mwema. Kwangu ni deni lililolipwa mwenyewe hayupo.

Na wewe, mpendwa, ni radhi ya nani unayoingoja? Huenda ikaja, huenda isije. Ikichelewa, ni nani wiki hii anayehitaji ulichojifunza ukiwa chini?