Nyati, Ng'ombe na Maji ya Muyovozi

Kiangazi kirefukapo katika nchi ya Buha, vijito vya Kibondo na Kasulu hupungua, na majani mabichi husalia katika vinamasi vya Muyovozi, vilivyoandikwa katika Mkataba wa Ramsar mwaka 2000. Huko wamo nyati, ambao hawawezi kukaa siku nyingi bila ya kunywa. Na huko ndiko atumainiko mchungaji kuwaponya ng'ombe wake. Sheria ya Pori la Akiba la Moyowosi yamkataza. Je, ni haki?

Mtu aweza kujibu kwamba binadamu ni bora kuliko mnyama, na neno likaisha. Lakini sotoka ya miaka ya 1890 haikubagua: ng'ombe walikufa, na nyati nao wakafa, vichaka vikameza malisho, mbung'o wakaenea, na katika miaka ya 1930 Waha wengi walihamishwa kwa ajili ya malale. Msiba wa zizi na msiba wa pori ni mmoja.

Waha walikuwa na mapatano ya ubugabire: aliyekabidhiwa ng'ombe alimtunza na kunywa maziwa, wala hakuwa mwenyewe kabisa. Maji nayo ni amana ya namna hiyo. Mtaalamu ahesabuye nyati na kupima mvua atenda kazi njema. Lakini hesabu haisemi nani avumilie kiu. Kumfungia mchungaji kinamasi pasipo kumchimbia kisima ni kumtwika mmoja mzigo wa wote. Na kumfungulia bila kiasi ni kuila amana.