Ramani ya Kwenda Kaskazini

Kwa safari ya gari kutoka Nyeri kupitia Nanyuki na Isiolo hadi Moyale, uchaguzi wa ramani huanza na skeli, yaani uwiano kati ya umbali uliochorwa karatasini na umbali halisi ardhini. Ramani za 1:50,000, ambamo sentimita moja huwakilisha nusu kilomita, huwafaa wapanda mlima wanaoanzia Naro Moru kuliko madereva, kwani gari huivuka karatasi nzima kabla abiria hajaikunjua vizuri. Zile za 1:250,000 humtosha dereva.

Tarehe ya uchapishaji nayo husomwa, kwa kuwa ramani za zamani huonyesha barabara ya Isiolo hadi Moyale, yenye takriban kilomita 500, kuwa ya changarawe, ilhali lami ilikamilika katika muongo wa 2010. Hata hivyo ramani hizo si za kutupwa, maana huonyesha laga, yaani mikondo ya mito ambayo hubaki mikavu hadi mvua inaponyesha vilimani, pengine mbali na macho ya msafiri, na maji yakaja kwa ghafla.

Anayeiacha lami pale Laisamis kwenda Loiyangalani, au Marsabit kuelekea North Horr kupitia jangwa la Chalbi, humhitaji mwelekezi mwenyeji, kwa sababu mstari uleule wa ramani huwa njia imara wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, na simu, ambayo aghalabu hukosa mtandao huko, haiwezi kumweleza dereva ni wapi lori lilikwama jana.