Dhana njema na mesaji ya mtu usiyemjua



Ndugu Waislamu, swali linaulizwa sana baada ya swala: je, kwa ajili ya wezi wa simu, tuache kuwadhania watu vema?

Mama muuza unga anapata mesaji kwamba ameingiziwa dola 50. Mara simu inalia. Mtu anasema amekosea namba, pesa zile ni za dawa ya mtoto, amrudishie kwa jina la Mungu. Mama anamwogopa Mungu, anatuma. Jioni anaangalia salio: hakuna kitu kilichoingia. Mesaji iliandikwa na mwizi mwenyewe, na dola 50 zilizotoka ni mtaji wake. Watu wanamcheka. Basi ananyamaza kwa haya, na kesho jirani anapigiwa na sauti ile ile. Wanaocheka nao wana sehemu yao katika hasara ya jirani. Mama alitaka kurudisha amana, huo si ujinga.

Katika Sura Al-Hujurat, aya ya 12 inatukataza dhana nyingi. Lakini kabla yake, aya ya 6 inatuamuru kuchunguza habari ya mtu mwovu. Wafasiri wengi wanasimulia kisa cha Banu Mustaliq: mjumbe aliyetumwa kupokea zaka alirudi akasema wamekataa, na haikuwa kweli. Karibu wapigwe vita kwa neno la mtu mmoja. Kuchunguza kule hakukuwa kuwadhania vibaya; kuliwaokoa.

Kwa hiyo kuchunguza na dhana njema havigombani. Mtu mkweli aliyekosea namba haumii akiambiwa angoje; atapigia kampuni yake, nayo itaangalia. Mwongo ndiye hawezi kungoja, ndiyo maana analia na kukuharakisha.

Mama asitegemee mesaji. Afungue mwenyewe menyu ya simu, aone salio. Kama pesa zimeingia kweli, ni amana, asizile. Lakini asizitume kwa mkono wake, kampuni izirudishe. Wako wanaokuomba urudishe huku wanaiomba kampuni nayo iwarudishie, wakapata mara mbili. Na kode ya siri haipewi mtu, hata akisema yeye ni wa kampuni.

Vijana, ninyi mna mlango mwingine. Mtu anakuomba namba sita za WhatsApp zilizofika kwenye simu yako, eti zimekuja kwako kwa makosa. Ukimpa, anachukua akaunti yako, na usiku ule shangazi yako anaombwa pesa kwa jina lako. Atatoa, kwa sababu anakupenda. Shangazi naye akiombwa hivyo, apige simu kwanza kwa namba anayoijua. Siku hizi hata sauti inaigwa na mashine. Basi aulize jambo la nyumbani ambalo mgeni halijui. Na wewe ukiulizwa hivyo na shangazi yako, usikasirike, ujibu.

Wabillahi taufiq.