Chemchemi Ina Mwenyewe

Wazee wetu wa Kiiraqw hawakukata mti uliosimama juu ya chemchemi. Ukiwauliza sababu, hawakukueleza habari za mizizi wala unyevu wa udongo. Walisema tu kwamba pale pana wenyewe. Waliwaita netlangw, roho za ardhini zikaazo penye maji. Juu yao walimjua Lo'a, aliye mwema kama mama. Na jina hilo ndilo wengi wetu tunalolitumia hadi leo tunapomwomba Mungu kwa Kiiraqw. Katika slufay, ile sala ndefu ya mzee ambayo watu huiitikia, nchi yote ilitajwa mbele za Mungu: watu, mifugo, mvua na mashamba.

Majirani zetu nao hawakuiona nchi kuwa kitu kitupu. Kwa Wamaasai, Oldoinyo Lengai ni Mlima wa Mungu. Wadatoga humjengea mzee wao mheshimiwa kilima cha udongo juu ya kaburi, na mahali pale hapachezewi.

Ilipokuja Injili tulifundishwa, nasi tukafundisha, kwamba chemchemini hamna wa kuogopwa. Tusisahau kwamba hiyo ilikuwa habari njema kweli. Hofu ya netlangw ilikuwa na gharama, na waliolipa mara nyingi ni wanyonge. Nyumba iliyofiwa ilitengwa na majirani. Msichana aliyepata mimba kabla ya kuolewa aliweza kufukuzwa nyumbani, kwa kuwa iliaminika unajisi wake ungeleta balaa juu ya nchi. Anayetamani siku zile zirudi amkumbuke msichana yule.

Lakini ndugu zangu, tuseme na upande wa pili. Tulimwondoa mwenyewe chemchemini, tusimtaje Mwenyewe wa kweli. Mtu aliyeacha kuogopa alichukua shoka. Akalima mpaka ukingoni mwa maji, kisha Jumapili akaja kanisani, wala hakuna aliyemwuliza neno. Tulimkemea aliyepeleka tambiko kwenye mti. Aliyeukata mti ule hatukumkemea. Je, kati ya hao wawili, ni nani aliyemdharau Muumba zaidi?

Serikali imeweka mpaka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mito na maziwa. Ni sheria njema, lakini sheria huhitaji mtu wa kuisimamia, na usiku hayupo. Netlangw walihofiwa hata usiku.

Basi, turudi kwenye matambiko? Hasha. Kiumbe hakiabudiwi. Lakini kutokuwa mungu si kuwa takataka. Zaburi ya 24 yatangaza kwamba nchi na vyote viijazavyo ni mali ya Bwana. Zaburi ya 148 yaiita milima na miti kumsifu Mungu, pamoja na wafalme na watoto. Mtume Paulo, katika Warumi 8, anasikia viumbe vyote vikiugua. Tena Adamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Sisi tumeshika neno la kwanza, la pili tumeliacha. Wazee walikosea jina la mwenye chemchemi. Hawakukosea kwamba chemchemi ina mwenyewe.

Mtu atauliza: hofu ikiondoka, upendo utaweza kuulinda mti? Tunajibu kwamba upendo una macho, ukielekezwa pa kutazama. Maji yetu yanatoka katika misitu ya nyanda za juu za Ngorongoro. Yanateremka Karatu, na mengine yanatokeza chini huko Mang'ola, ambako watu hulima vitunguu kwa kumwagilia, karibu na Ziwa Eyasi wanakoishi Wahadzabe. Anayekata mti huku juu hamwoni mama anayechota maji kule chini. Lakini Bwana alipoulizwa jirani ni nani, alimtaja mtu wa njiani, asiye wa kabila moja na yule aliyemsaidia. Kijito nacho ni njia, na aliye chini yake ni jirani yetu.

Kwa hiyo tunaomba jambo moja. Tunapowafundisha vijana wetu Amri Kumi, tuwapeleke pia kwenye chemchemi ya kijiji, pamoja na mzee aliyeijua ilipokuwa na miti. Mzee aeleze walichoogopa. Mwalimu aeleze tunachoamini. Kisha wote wapande miti ya asili ya pale, na kabla ya kuondoka waombe, kwa Kiiraqw, kwa jina lile lile la Lo'a. Vijana wakirudi nyumbani wajue kwamba pale hamna wa kumwogopa, ila yuko wa kumheshimu.