Je, Ua Laweza Kudhulumiwa?

Ekinasea ni ua la mbuga za nyasi za Marekani ya Kaskazini, na bustanini hupenda jua la kutwa na udongo usiotuamisha maji. Ukilitazama juujuu utadhani ni ua moja. Kumbe kile kichwa kilichotuna katikati ni vijiua vingi vilivyobanana, vinavyofunguka kwa zamu kutoka pembeni kwenda ndani, na kuwapa nyuki na vipepeo chavua na nekta. Petali za zambarau zinazoning'inia hazizai mbegu. Kazi yake ni kuita. Siku hizi zimeenea aina kama 'Razzmatazz', ambayo vijiua vyake vya kati vimegeuka petali. Mwaliko umepambwa zaidi, karamu imeondolewa.

Naona hapa pana suala la maadili, si la ladha peke yake. Mwanafalsafa Aristotle aliupa mmea nafsi ya kujilisha na kuzaa. Hatulazimiki kuikubali nafsi hiyo ili tuone kwamba yako mambo yanayoufaa mmea na yanayoudhuru, tupende tusipende. Mkulima husema mche umedhoofika; hasemi hivyo kuhusu jiwe. Na kinachokifaa kiumbe ni sababu ya kukijali, ingawa sababu yenyewe ni ndogo na hushindwa upesi. Atakayesema kwamba mmea hausikii maumivu amesema kweli, ila madhara si maumivu tu: aliyenyang'anywa urithi asijue kamwe amedhulumiwa vilevile. Pingamizi zito zaidi ni la mgomba. Ndizi tunazokula hazina mbegu, na hakuna anayeusikitikia. Lakini ndizi hulisha nyumba nzima. Hapo sababu ndogo imeshindwa kwa haki. Upande wa pili wa mizani ya ekinasea kuna pambo tu, tena pambo ambalo ua la asili lilikwisha kulitoa.

Mwanafalsafa Kant naye, mwaka 1790, aliyaita maua uzuri huru: tunayapenda bila kuuliza yamekusudiwa yawe nini. Kwa mtazamaji, sawa. Anayepanda hatazami tu, huamua kipi kiishi na kwa umbo gani, na uamuzi huo huwafikia wengine: nyuki aliyeitwa na rangi huondoka mikono mitupu, na chiriku wanaodonoa mbegu kwenye vichwa vilivyokauka hukosa chakula. Hata mwenye ua la asili anayekata vichwa hivyo mapema, eti bustani ipendeze, ana la kujibu.