Maiki Iliyozimwa

Mimi huimba sauti ya tatu kwa kujitolea tu. Nilisomea biashara, si muziki. Majuzi nilimuuliza kijana wetu wa mitambo mbona kwenye video za ibada sisikiki. Akainamisha kichwa. "Pasta, nisamehe. Maiki yako huwa naizima. Tangu Januari."

Miezi minane! Nimeimba nikiwa nimefumba macho, machozi yakinitoka, na hakuna aliyenisikia.

Niliudhika, sitaficha. Lakini kilichonikosesha usingizi ni kingine. Kama nilikuwa namwimbia Mungu, nimepoteza nini? Na kama nimepoteza kitu, basi nilikuwa namwimbia nani? Chuoni tulifunzwa kwamba bidhaa isiyomfikia mteja ni hasara. Hesabu hiyo hapa ilinigomea.

Hata hivyo kijana naye hakosi lawama. 1 Nyakati 25 inataja waimbaji 288 waliofundishwa, kisha kura ikapigwa kwa wote, mwalimu na mwanafunzi sawasawa. Maanake wanafunzi walikuwemo, na mwanafunzi huambiwa anapokosea. Mimi nilinyamazishwa kwa upole, nikanyimwa kufundishwa. Nani alisema kumheshimu mchungaji ni kumficha ukweli? (Ama pengine ni mimi nilionekana mtu asiyeambilika. Hilo nalo bado linaniuma.)

Jumatano nilienda mazoezini nikaketi na wanaoanza. Mwalimu wa kwaya, dada niliyemzidi miaka kumi, alinikatiza kwenye mstari wa kwanza.

"Uko chini, Pasta. Rudia."

Nikarudia mara sita.