Wepesi wa Mwashi na Haki ya Moto

Liko swali la kale ambalo wanazuoni walilijadili misikitini na makanisani, na ambalo mafundi hulijibu kila siku kwa mikono yao pasipo kulitaja: je, taabu ya kazi ina fadhila kwa nafsi yake, hata mtu ampunguziaye mwenziwe taabu awe amempunguzia na thawabu, au taabu haina thamani ila kwa lile jambo lipatikanalo kwa njia yake? Wengi katika sisi hulipima swali hili kwa funga, hija na mikesha ya ibada. Mimi nataka kulipima mahali pengine, ndani ya tanuri, kwa mwashi apangaye matofali ya kustahimili moto, na kwa mtu wa pili asiyeonekana mle ndani, ambaye alilibuni umbo la tofali kabla udongo wake haujatiwa katika kalibu.

Moto una haki yake, wala haki hiyo haipunguzwi kwa kuombwa. Chuma safi huyeyuka joto lifikapo nyuzi 1538 za sentigredi. Klinka, ambayo ikisagwa ndiyo saruji, huokwa kwa nyuzi zipatazo 1450, na mwali uwakao juu yake hukaribia nyuzi 2000. Tofali la nyumba likitiwa mahali kama hapo hulainika na kutiririka. Kwa hiyo wanadamu wametafuta udongo wa tabia nyingine: kaolini, ule udongo mweupe uliolala kwa wingi katika vilima vya Pugu karibu na Dar es Salaam, mawe ya silika, na magnesia, ambayo haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 2800. Wala maarifa haya hayakuja kwetu kwa meli. Wahaya wa magharibi ya Ziwa Viktoria na Wafipa wa Rukwa waliyeyusha chuma katika matanuri ya udongo wa kichuguu, kwa kuwa walikwisha kutambua, kwa kujaribu na kuangalia, kwamba udongo uliochambuliwa na mchwa huvumilia moto kuliko udongo wa shambani.

Lakini tofali jema si ukuta mwema bado. Tuingie katika tanuri la saruji, namna ile itumikayo Wazo Hill na Bamburi katika pwani yetu: ni pipa la chuma lililolazwa kwa mwinamo mdogo, refu kwa makumi ya mita, ambalo huzunguka polepole usiku na mchana, likiviringisha unga wa mawe ya chokaa kuuelekeza penye mwali. Bitana yake ya matofali ikisha kulika, tanuri husimamishwa, na tangu saa ile kila mwenye mamlaka kiwandani huhesabu hasara, hata waashi huingia pipani ilhali chuma hakijapoa sawasawa, wakikanyaga vifusi, katika nuru ya taa za kuning'inizwa, na vumbi limetanda. Tofali moja la magnesia lina uzito wa kilo 9 hivi. Katika pipa lenye kipenyo cha mita 4, duara moja humeza matofali zaidi ya 160, na duara hilo halijazi ila milimita 198 za urefu wa tanuri. Mita moja yahitaji maduara matano, yaani tani zipatazo 7, zote zikipita katika viganja vya watu. Matofali ya nusu ya chini hulala yenyewe mahali pake. Ya nusu ya juu hayana pa kukaa, hushikiliwa na mtambo wa kuegemezea mpaka lile la mwisho, la kufungia, lipigwe nyundo likae, ndipo duara zima lijishike kwa kubanana.

Fikiri, ewe msomaji, kwamba mwashi huyu ameletewa matofali yasiyowafikiana na duara lake. Itampasa ayachonge, hapo hapo alipo, kwa nyundo au kwa msumeno, moja baada ya jingine. Tofali lililochongwa huwa jembamba mahali lisipotakiwa kuwa jembamba, na aghlabu ndilo la kwanza kupasuka. Na kama tofali lina silika, vumbi lake huingia mapafuni na kukaa humo, likiyafanya magumu mwaka baada ya mwaka, bila ya mwenye mapafu kusikia maumivu ya kumwonya mapema. Haya yote hutokea kwa sababu mtu mmoja, aliyekuwa na meza, karatasi na wakati wa kutosha, hakuumaliza wajibu wake.

Sasa tumtazame yule aliyeumaliza. Mapipa ya matanuri hayalingani kwa vipenyo, na ingedhaniwa kwamba kila pipa lataka tofali la umbo lake peke yake. Lakini wabuni walitafakari wakaona kwamba maumbo mawili yatosha. Yote mawili yana kimo cha milimita 220, na upana wake wa katikati ni sawa, milimita 71 na nusu. Ila moja hupungua milimita 10 kutoka mgongo uegemeao chuma hadi uso ukabilio moto, na la pili hupungua milimita 5 tu. Kwa pipa la mita 4, mwashi hupanga takriban mawili ya namna ya kwanza kwa kila moja la namna ya pili. Kwa pipa la mita 5 hugeuza hesabu, moja la kwanza kwa mawili ya pili. Na vipenyo vilivyo katikati hupatikana kwa kubadili uwiano huo. Hakuna kuchonga, ila kidogo penye kufungia. Ghala huhitaji mafungu mawili badala ya kumi. Mwashi aliye gizani hahitaji kukisia, kwa maana tofauti ya milimita chache ambayo jicho lake lisingeweza kuiona imekwisha kuonwa na mtu mwingine kwa ajili yake, ikaandikwa kwa namba juu ya tofali. Mimi naihesabu tadbiri hii kuwa miongoni mwa matendo mema yaliyositirika sana, kwa sababu aliyeifanya hajui jina la mwashi hata mmoja aliyepumua vizuri kwa fadhili yake, wala mwashi hajui jina lake.

Turudi katika swali letu. Jalaluddin al-Suyuti, aliyefariki Misri mwaka 1505, na ambaye kitabu chake cha Al-Ashbah wan-Nadhair ni mashuhuri kwa wafuasi wa Imamu Shafi, aliihesabu miongoni mwa kanuni kuu tano za fiqhi ile ya kwamba mashaka yakiwapo hukumu hulegezwa. Kabla yake al-Shatibi wa Granada, aliyefariki mwaka 1388, alibainisha kwamba mja hakuamrishwa kuikusudia taabu kwa kuwa ni taabu. Huikusudia amali, na kama amali haipatikani ila kwa taabu, hulipwa kwa kuistahamili. Na asomaye kitabu cha Mwanzo kwa utulivu ataona kwamba Adamu alikabidhiwa bustani ailime na kuitunza kabla hajaanguka, na jasho likatajwa baadaye. Kazi ilitangulia, mashaka yalifuata nyuma. Basi katika dini zote mbili zilizoenea sana katika nchi zetu sioni hoja ya mtu kumwachia mwenziwe mzigo uwezao kupunguzwa, kisha akamfariji kwa kumwambia kwamba uzito wake una malipo.

Nasema zaidi ya hayo. Taabu ya ukuta wa tanuri haitoweki kwa ubunifu, huhama. Yule mbuni aliichukua katika hesabu zake, katika kalibu alizozitupa kwa kuwa zilitoa tofali lenye kona dhaifu, katika majaribio aliyoyachoma na kuyakuta yamepinda. Aliichukua mahali penye kivuli na hewa, ambapo saa moja ya mawazo yaweza kuokoa saa mia za watu walio katika vumbi. Hapa ndipo ninapotofautiana na wale waitao jambo hili hisani. Hisani hutolewa na atakaye, na asiyetoa halaumiwi; lakini mtu ajuaye kwamba mzigo utamwangukia ama yeye, ambaye kwake ni mwepesi, ama mwingine, ambaye kwake ni wa kuua, ana deni, wala deni halilipwi kwa kupenda. Ni dhima juu ya shingo ya kila apangaye kazi itakayofanywa na mikono ya wengine.

Wako wasemao kwamba wepesi huua ustadi: mwashi wa zamani, aliyeweza kuchonga tofali likaingia mahali pake kama aliyelipima kwa unywele, hazaliwi tena. Nawaheshimu wasemao hivi, kwa kuwa nami naupenda ustadi, na naona fahari kubwa kumtazama fundi ajuaye kazi yake. Lakini ustadi ule ulikuwa kiraka juu ya upungufu wa mtu mwingine, na kiraka hicho kililipiwa kwa mapafu. Ustadi uliobaki si haba. Bado mwashi ndiye ajuaye kwa kugonga kama tofali lina ufa ndani. Bado ndiye aonaye kwamba chuma cha pipa kimevimba mahali na duara halitakaa sawa. Bado ndiye aamuaye pa kuanzia na pa kufungia. Mbuni mwenye insafu humwondolea mkono kazi isiyo na maana, akamwachia jicho na akili kazi yenye maana.

Wengine huja na hoja ya mbali zaidi. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliwajibu wanafalsafa katika Tahafut al-Falasifa kwa mfano wa pamba na moto: kuungua kwa pamba hutokea pamoja na kuguswa na moto, lakini hakutoki katika nguvu za moto wenyewe; Mungu ndiye akuumbaye. Mtu ajizi aweza kulichukua neno hili akasema kwamba, madhali kuungua na kutoungua ni kwa idhini ya Mwenyezi, kujisumbua na maumbo ya matofali ni kukosa tawakali. Lakini Al-Ghazali mwenyewe alikiri kwamba Mungu ameijalia dunia ada, na kwa ada hiyo hutujalia kujua yatakayotukia. Mwanafalsafa Ibn Rushd alimpinga vikali, akiona kwamba kuzikana sababu ni kuikana akili. Mzozo wao ni mkubwa, na hapa si mahali pa kuuamua. Ila mbele ya kalibu wote wawili wangefanya kazi ile ile, maana kile ambacho huyu hukiita tabia ya udongo na yule hukiita ada ya Muumba, ndicho kitakacholipasua tofali lililobuniwa kwa kiburi.

Na kiburi kikubwa katika sanaa hii ni wepesi wa uongo. Yako matofali yenye ulimi upande mmoja na mfuo upande wa pili, yashikanayo hata ukuta ukanyooka karibu wenyewe; katika matanuri ya kuokea makaa ya koki, ambayo kuta zake ni za silika, ndimi hizo huzuia gesi isivuje kutoka chumba hadi chumba, na faida yake haina shaka. Walakini kila kitu kinachopata moto hutanuka. Ukuta wa magnesia wenye mita 5, ukifikishwa nyuzi 1000, hurefuka zaidi ya sentimita 6. Silika humaliza mapema karibu kutanuka kwake kote, na kwenye nyuzi 573 chembe za kwatzi zilizomo ndani yake hubadili umbo lake kwa ghafula, ndiyo sababu tanuri jipya la koki hupashwa moto kwa majuma mengi, polepole, kama mgonjwa arudishwaye kwenye chakula. Mbuni apendaye kusifiwa siku ya kumaliza ujenzi huyabana matofali yake yakaonekana jiwe moja; siku ya moto nyuso husukumana, zikamenyeka vipande vipande, na mwashi yule yule huitwa tena kuingia katika vumbi kwa kosa lisilo lake. Mbuni mkweli hubandika karatasi nene ubavuni mwa tofali huko huko kiwandani. Mwashi hapimi nafasi wala hakisii. Hupanga tu, akabana karatasi kati ya tofali na tofali, na tanuri likiwashwa karatasi huungua, ikaacha nafasi ile ile ambayo tofali litakuja kuihitaji. Sijaona mahali pengine ambapo huruma kwa mtu na uaminifu kwa moto vimewekwa katika kitu kimoja cha thamani ndogo hivyo.

Limebaki jambo moja ambalo ni zito kuliko yote niliyoyataja. Kwa miaka mingi matofali yaliyopendwa katika sehemu kali ya matanuri ya saruji yalikuwa ya magnesia iliyochanganywa na kromu. Yalipangika vizuri, yalidumu, na klinka ilijiganda juu yake ikawa ngao. Kisha ikafahamika kwamba kromu ile, ikikutana na chumvi za alkali katika joto na hewa, hugeuka kuwa namna iyeyukayo katika maji na iletayo saratani, na kwamba anayeikuta ni mwashi abomoaye bitana kuukuu, na mwanakijiji anywaye maji yaliyopita chini ya jalala la vifusi. Tangu miaka ya 1980 viwanda vingi viligeukia magnesia yenye madini ya spineli, isiyo na kromu, ingawa mwanzoni klinka haikupenda kuganda juu yake kama zamani, na wenye viwanda walilalamika. Mimi nawaona waliokubali hasara ile kuwa walilifahamu swali letu kuliko wengi waliolijadili kwa ufasaha, kwa sababu tofali lile la kale halikuwa na dosari mbele ya moto wala mbele ya mkono uliolipanga. Dosari yake iliwangojea watu wa siku ya kubomoa, ambao hawakuwapo siku ya kulibuni, na mbuni aliyekwisha kumhesabu mwashi anayepanga hakuwa na udhuru wa kutomhesabu yule anayebomoa.